Nyumba za Moshi zina mzigo kiasi gani ndani yake? Nataka kuupima kabla haujabomolewa

MamaMilango, Pasua

Wakuu habari za jioni. Walionizidi umri, shikamoo.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi vilivyokwisha kutumika. Yadi yangu iko Pasua, ukipita utaona milango imeegemezwa ukutani, grili, bati, mbao zilizong'olewa misumari, masinki, hata vyoo vya kukaa (msicheke, vinauzika haraka kuliko milango). Mtu akitaka kubomoa nyumba Majengo, Njoro, Soweto au kule juu Shanty Town, mafundi wananipigia kabla nyundo haijashuka. Nanunua kilicho kizima, nabeba kwa kirikuu, tunasafisha, tunauza. Wateja wangu wengi wanajenga kidogokidogo huko Mabogini na Kahe, leo dirisha, mwezi ujao bati sita.

Sasa tuko kikundi cha wanawake na tunaomba ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, kwenye fungu la akina mama. Afisa maendeleo ya jamii amesoma andiko letu, amelipenda, ila pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: malighafi yenu itatoka wapi kwa miaka mitano, na ni kiasi gani? Nikamjibu inatoka kwenye nyumba za watu. Akaniuliza nyumba ngapi, zina nini ndani, na kwa mwaka zinavunjwa ngapi. Hapo nikabaki nacheka cheka tu.

Mpwa wangu aliyeko chuo ananiambia kuna watu wanasomea hicho hicho: wanapima akiba ya vifaa iliyolala ndani ya majengo ya mji, halafu wanapima mtiririko, yaani kinachoingia mjini na kinachotoka. Wanasema ndiyo mlango wa uchumi rejelezi, yaani vifaa vizunguke vitumike tena badala ya kutupwa. Sawa, mlango mimi nauza, ila huu sijui unafunguliwaje.

Naomba mtu anieleze nianzie wapi. Sina droni, sina kompyuta ya maana. Nina daftari, futi kamba, na mizani ya vyuma chakavu. Tafadhali msinijibu "tafuta mtaalamu", maana mtaalamu akija atataka posho kubwa kuliko mkopo wenyewe.


KijanaWaRamani, Arusha

Shikamoo mama. Umeuliza kitu kizuri sana, na mimi ndicho ninachohangaika nacho kwenye utafiti wangu, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza inaanzia juu: unachukua saruji, nondo na bati zote zilizozalishwa au kuingizwa, unatoa zilizosafirishwa nje, unakadiria zitaishi miaka mingapi, na kinachobaki ndiyo akiba. Kwa nchi inawezekana, maana kuna takwimu za viwanda na forodha. Kwa Moshi haiwezekani kirahisi, hakuna mtu aliyekaa barabarani anaandika mifuko ya saruji inayoingia kutoka Tanga.

Ya pili inaanzia chini, na hiyo ndiyo yako. Unagawa nyumba kwa aina, unapata mita za mraba za kila aina, halafu unazidisha kwa kilo za kila kifaa zilizomo ndani ya mita moja ya mraba. Wajapani Tanikawa na Hashimoto walifanya hivyo mwaka 2009 kwa Wakayama kule Japani na Salford ya Uingereza, wakaenda mbali zaidi: walipanga ramani za miaka tofauti moja juu ya nyingine, wakaona jengo lipi lilikuwepo, lipi limeondoka, lipi limechipuka mahali pake. Ukiwa na ramani mbili za mtaa mmoja zenye tofauti ya miaka kumi, tayari una majibu ya swali la "zinavunjwa ngapi".

Mita za mraba zinapatikana bure. Google walitoa mwaka 2021 data wanayoiita Open Buildings, wakaanza na Afrika. Ni michoro ya mapaa iliyosomwa na kompyuta kutoka kwenye picha za setilaiti. Mimi naweza kukukatia Pasua, Njoro na Majengo nikakutumia kwenye karatasi. Angalizo tu, paa linazidi nyumba kwa sababu ya kingo zinazotokeza nje ya ukuta, na banda la kuku nalo lina paa. Pia sensa ya 2022 ilihesabu majengo, si watu peke yao, na nchi nzima yakapatikana zaidi ya milioni 14. Kwa hiyo mtu wa halmashauri akikwambia hakuna takwimu za majengo, mkumbushe hilo.

Tabu iko kwenye kilo kwa mita ya mraba. Watafiti Heeren na Fishman walikusanya mwaka 2019 vipimo vya namna hiyo kutoka tafiti mbalimbali duniani na kuviweka wazi. Nimevipitia. Usitarajie kukuta humo nyumba ya tofali la nchi sita yenye kenchi (mbao zinazobeba paa) ya mkaratusi.

Na ukitaka kumtisha kidogo afisa wako: mtafiti Krausmann na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba kati ya 1900 na 2010 akiba ya vifaa ndani ya majengo, barabara na mitambo duniani iliongezeka mara 23, ikafika tani bilioni 792. Katika vifaa vinavyoingia kwenye akiba hiyo, vilivyorejelezwa ni asilimia 12 tu.


FundiRau, Moshi

Kijana salama? Ramani yako ni nzuri lakini setilaiti haijawahi kubomoa nyumba. Mimi nimebomoa.

Jambo la kwanza, hapa kwetu nyumba haifi siku moja. Inaongezwa chumba nyuma, inatolewa bati la kawaida linawekwa la msauzi, inapasuliwa ukuta wa mbele inakuwa fremu ya duka. Ukiangalia paa kutoka juu utasema nyumba ni ileile, kumbe bati zote za zamani zimeshauzwa kwa huyu mama na kenchi imeongezwa. Huo mtiririko hamtauona kwenye picha.

Jambo la pili, na hili ndilo la muhimu: kilichomo ndani si kile kinachotoka. Inategemea kiliunganishwa na nini. Nyumba za zamani za tofali la kuchoma zilizojengwa kwa udongo au chokaa, unagonga kidogo, tofali linaachia, unalisugua, linajenga tena. Tofali la saruji lililojengwa kwa saruji na kupigwa lipu ya saruji pande zote mbili, ukiligonga linapasuka lenyewe kabla kiungo hakijaachia. Hapo unapata kifusi. Nimebomoa ukuta wa vyumba vitatu, tofali nzima zilizopatikana hazikutosha kujenga choo.

Mbao hivyohivyo. Kenchi iliyopigwa misumari ya nchi nne mpaka ikapasuka nchani, unakata futi moja kila upande, mbao ya futi kumi na mbili inarudi kumi. Iliyofungwa kwa bolti inatoka nzima.

La tatu, msingi. Hakuna mtu anayeng'oa msingi wa mawe. Nyumba mpya inahamishwa kidogo au inakaa juu yake. Kule chini Moshi kuna mawe mengi sana yamezikwa, na yatabaki yamezikwa.

Kwa hiyo mama, usiandike "nyumba mia moja". Andika zimejengwa na nini, na zimefungwa na nini.


Mkadiriaji_Njiro, Arusha

Mwanangu MamaMilango, marahaba. Mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu. Maisha yangu yote nimehesabu vifaa vya kuingia kwenye nyumba, sikuwahi kuulizwa vya kutoka. Jana usiku nimekaa na kikokotoo nikakuhesabia nyumba moja. Chukua ile ya kawaida kabisa ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 8, tofali la nchi sita, msingi wa mawe, bati geji 30 (geji ni unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba). Kuta zote za nje na za ndani nimechukua mita 62 kwa urefu, kimo mita 2.7, nikatoa milango na madirisha, zikabaki kama mita za mraba 145.

Tofali ni kumi kwa mita ya mraba, kwa hiyo 1,450. Kila moja ina kilo 28 hivi, jumla tani 41. Mota ya viungo, yaani mchanga na saruji ya kujengea, tani 4. Lipu ya milimita 15 pande zote, tani 9. Lenta, yaani mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha, tani 5. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita kumi, tani 18, kwa sababu meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400. Mawe ya msingi tani 49. Kifusi na moramu iliyoshindiliwa chini ya jamvi tani 36.

Sasa njoo kwenye vitu vyako. Nondo za lenta, nne za mm 12 pamoja na ringi za mm 8, ni kilo 300. (Kanuni ya nondo wengi mnaijua: kipenyo kwa milimita, zidisha chenyewe kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya mm 12 ni kilo 0.89, ya mm 16 ni 1.58.) Bati zote za paa, kilo 300. Mbao za kenchi, kama tani 1.1. Milango, madirisha na grili, nusu tani.

Jumla nyumba nzima ni tani 164. Zaidi ya nusu, tani 85, ziko chini ya jamvi, ambako FundiRau amesema hazitoki, na yuko sahihi. Bati, mbao, nondo na milango kwa pamoja ni tani 2.2. Hiyo ni asilimia moja na kidogo ya uzito wa nyumba.

Usishtuke. Maana yake ni kwamba tani si kipimo chako. Ukipeleka tani kwenye andiko, utakuwa unaahidi kifusi.


MamaMilango

Shikamoo tena baba, na asante sana. Nimesoma hiyo hesabu nikacheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini. Miaka yote hii najiona naokoa nyumba, kumbe nafukuzana na asilimia moja! Lakini hiyo asilimia moja ndiyo inasomesha watoto, na hizo tisini na tisa bado sijamwona anayezinunua.

Nimekwenda kupima pale yadi niangalie kama hesabu ya baba inakaa. Bati inakaa, kwa zile mpya. Za zamani ni nzito kuliko hapo. Nyumba za enzi za wahindi kule karibu na stesheni, bati lake ukilibeba unajua umebeba kitu, na ukiligonga linalia tofauti. Zimepigwa na mvua tangu sijazaliwa na bado nazipeleka kwa mtu wa Kahe anaezekea banda la ng'ombe. Geji 32 ya siku hizi naikataa hata nikipewa bure, ikivuliwa mara moja imekunjika kama karatasi na matundu ya misumari yamekuwa makubwa. Kwa hiyo baba, ukiniambia akiba ya bati ya Pasua ni tani kadhaa, mimi nauliza za mwaka gani. Za miaka hii nyingi sitazinunua kabisa. Akiba inaongezeka kwa wingi huku ikipungua kwa thamani, na hilo naliona kwa macho sasa hivi.

Milango vilevile. Mninga na mvule za zamani zinakuja chache kila mwaka. Zinazokuja kwa wingi ni zile za kubandika, zikipata maji zinavimba. Alumini ndiyo inapanda, na hiyo hainiletei shida, wenye vyuma chakavu wanaigombea.

Nondo nazo kuna kitu niseme hadharani. Nondo iliyopinda ikanyooshwa mimi siuzi kwa mtu wa lenta wala wa slabu. Nauza kwa wa grili, wa fensi na wa vitanda. Kuna wenzangu wanauza kwa yeyote. Kwenye daftari nitaziandika sehemu yake mbali, isije ikaonekana kila nondo ni nondo.

Swali langu limebaki moja, kubwa: mwaka unavunja nyumba ngapi? Mimi naona zile ninazoitiwa tu.


TipaLaMto, Boma Ng'ombe

Mnahesabu kutoka, na kuingia nani anahesabu? Mimi naendesha tipa, mchanga, kokoto na moramu. Nitawapa siri ya kazi.

Hakuna anayenunua mchanga kwa tani. Ananunua tripu. Na tripu ni lugha ya mtu na mtu. Gari la tani saba linaweza kubeba zaidi au pungufu, inategemea bodi limeongezwa mbao juu au la, na nani anapakia. Halafu kuna mchanga uliotoka mtoni una unyevu, ukiupakia unaonekana umejaa, ukifika site ukikauka au ukinyeshewa sana unashuka. Mteja anadhani nimemuibia njiani. Sijamuibia.

Kwa hiyo mtu akikwambia Moshi inaingiza tripu kadhaa kwa mwezi, muulize tripu ya nani.


KijanaWaRamani

Kaka TipaLaMto umegusa penyewe. Mchanga mwembamba ukiwa na unyevu wa asilimia tano mpaka nane unavimba, ujazo unaweza kuongezeka kwa robo na hata zaidi, kwa sababu utando wa maji unazisukuma chembe ziachane. Ukiloa kabisa unarudi chini. Ndiyo maana wanaopima mtiririko kwa uangalifu wanajaza mchanga kwenye chombo, wanaandika kimo, wanaumwagia maji mpaka uzame, wanaandika kimo kipya, ndipo wanajua tripu ile ilikuwa na mchanga kiasi gani kweli. Unahitaji ndoo na rula tu.

Na kipimo hiki si cha wateja wa site peke yake. Kwenye nyumba ya mzee Mkadiriaji, nikitoa saruji, kokoto, mawe na moramu, zaidi ya tani 50 ni mchanga. Hapo ndipo tani zina maana. Mto hauulizi mlango ni wa mninga au wa kubandika, unauliza umechotwa kiasi gani. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoko hapo Nairobi, walitoa mwaka 2022 makadirio kwamba dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Kwa hiyo ninavyoona kuna vitabu viwili tofauti vya hesabu: kimoja cha mto, kinaandikwa kwa tani, na kimoja cha yadi ya mama, kinaandikwa kwa vipande na hali yake.

Kanuni inayoviunganisha ni moja: kilichoingia, toa kilichotoka, ndicho kilichoongezeka ndani. Ukijua viwili, cha tatu hakijifichi. Kama hatuwezi kupima vinavyoingia Moshi, tupime akiba mara mbili kwa miaka tofauti, na vinavyotoka, cha kuingia kitajihesabu chenyewe.


FundiRau

Hilo la kifusi mnalipita juu juu. Moshi kifusi hakitupwi, kinaombwa. Mtu ana kiwanja kina bonde, njia ya kwake ina tope, anakupa hela ya soda umwagie pale. Hiyo si ndiyo mzunguko?


KijanaWaRamani

Fundi, hapo umeingia kwenye ugomvi wa Wazungu. Umoja wa Ulaya waliweka sheria mwaka 2008 kwamba ifikapo 2020 kila nchi irudishe kwenye matumizi asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo za sumu. Nchi nyingi zikafaulu. Ukifungua ndani unakuta kujazia mashimo kunahesabiwa. Kwa hiyo ukuta uliosagwa ukafukiwa barabarani na tofali lililojenga tena ukuta, vyote vimeingia kwenye asilimia ileile.

Mimi sisemi kifusi chako hakina kazi. Kimezuia tripu moja ya moramu kuchimbwa, andika hivyo. Lakini kiandikwe kwenye safu yake. Kikichanganywa na milango ya mama, mji mzima utaonekana una asilimia tisini na tisa ya urejelezaji huku kila ukuta mpya unajengwa kwa mchanga mpya.


Mkadiriaji_Njiro

Narudi kwenye swali la mama la nyumba ngapi kwa mwaka.

Wenzetu wa vyuo wanatumia umri. Wanasema nyumba ya aina fulani inaishi, tuseme, miaka sitini kwa wastani, wanachora mstari wa vifo vyake kama vya watu, wanapata zinazokufa kila mwaka. Mtafiti Müller alifanya hivyo kwa nyumba za Uholanzi mwaka 2006 na ni kazi nzuri. Hapa kwetu mimi siiamini. Nyumba ya Arusha haivunjwi kwa sababu imezeeka. Inavunjwa kwa sababu kiwanja kimepanda bei, au mzee amefariki na watoto wamegawana, au barabara inapanuliwa na imepigwa X nyekundu. Ilipojengwa ile barabara ya njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru, nyumba mpya na kuukuu ziliondoka pamoja.

Kwa hiyo mwanangu, fuata kiwanja, achana na umri. Nenda ofisi ya mtendaji wa kata uulize vibali vya ujenzi vilivyoombwa kwenye viwanja vyenye nyumba tayari. Uliza mitaa ambayo biashara inaingia, pale Majengo na pembezoni mwa soko. Angalia X ziko wapi. Na waulize mafundi wako, si wewe tu unayepigiwa, kila mmoja akutajie alizobomoa mwaka jana na mtaa wake, uondoe zilizotajwa mara mbili. Hiyo itakupa namba pungufu lakini ya kweli. Usiikuze. Mkopo unarejeshwa kwa mzigo uliopo.

Halafu pima chache vizuri. Katika kila ubomoaji unaoitiwa, kabla ya nyundo hesabu vilivyomo: milango, madirisha, bati na geji yake, mbao kwa futi. Baada ya kazi hesabu vilivyotoka vizima. Tofauti ya hapo haiko kwenye kitabu chochote cha Ulaya wala cha Japani, utakuwa nayo wewe peke yako. Ukishajua kwamba katika bati za geji 28 zinapona ngapi na za geji 32 zinapona ngapi, ramani ya huyu kijana itakuwa na kazi.


MamaMilango

Baba nimekuelewa kuliko nilivyomwelewa mpwa wangu.

Nimeshachora daftari. Mtaa, mwaka wa kujengwa kama mwenyewe anaukumbuka, ukuta wa nini, umejengwa kwa saruji, chokaa au udongo, kenchi ya misumari au bolti, kwa nini inavunjwa. Halafu kurasa mbili zinazotazamana: kushoto vilivyomo, kulia vilivyotoka vizima. Kifusi nitakiandika kwa tripu za TipaLaMto na bodi lake nitalipima mwenyewe kwa futi kamba, asikasirike. Kwa afisa sitapeleka tani. Nitapeleka milango, bati na futi za mbao, na nitamwambia wazi kwamba bati nzuri zitapungua kwa hiyo sehemu ya mkopo inakwenda kwenye mashine ya kukata na kunyoosha mbao, maana mbao ndizo zitakazobaki.

Kijana, naomba hiyo ramani ya Njoro kwanza, Pasua naijua kwa miguu. Karatasi kubwa, nitalipia kuprinti.

FundiRau, ile nyumba ya tofali za kuchoma ya huko kwenu Rau ikifika siku yake usiniite siku hiyohiyo. Niite wiki moja kabla, nije nihesabu ikiwa imesimama.


FundiRau

Haina shida mama. Wenyewe bado wanavutana mirathi, lakini nitakwambia.


TipaLaMto

Bodi langu pima, ila ujue limeongezwa ubao mmoja juu, usije ukaniandika vibaya. Halafu huo mlango wa mvule ulioko nje pale yadi, wa futi saba wenye kioo juu, bado upo?


MamaMilango

Upo. Bawaba ni zake za shaba, sijazitoa. Njoo na kirikuu, siyo tipa, utanivunjia geti. Bei tuongee ukifika.